Kiingereza chao jina linakaa mwisho wa reli

Juzi kati kijana mmoja wa Kibirizi kaingia hapa steshenari kwetu Mwanga, Kigoma mjini, na karatasi kaandika kwa mkono, anataka bango la boti yake, anapeleka wageni Gombe kwenye hifadhi ya sokwe. Kaandika "BOAT BIG NEW OF WOOD A". Hiyo a ya mwisho ndo iliniua kabisa. Namuuliza, mdogo wangu, hii a huku nyuma inafanya nini? Ananijibu, "Braza, si nasikia Kizungu lazima kiwe na a, nikaona isikosekane."

Nilicheka ila dogo hajakosea kijinga, kafuata Kiswahili neno kwa neno, boti kubwa mpya ya mbao, kwetu jina linatangulia sifa zinafuata. Na a wala the hatuna. Tukitaka ile tunayoijua wote tunasema "ile boti" yanaisha.

Shuleni tulikaririshwa mpangilio wa sifa za Kiingereza kwa herufi za mwanzo, OSASCOMP, opinion, size, age, shape, colour, origin, material, purpose, mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane naitaja. Sipingi, mpangilio ndo huo, lakini nani anabandika sifa nane kwenye kitu kimoja? Wazungu wenyewe wanaishia mbili tatu, na wengi ukiwauliza hiyo sheria hawaijui, wanasikia tu "wooden big boat" imekaa vibaya. Kama sisi tu, nani alikufundisha kusema "watoto wangu wawili" na sio "watoto wawili wangu"?

Kwa hiyo dogo nilimwelekeza kwa treni. Jina la kitu ni Kigoma, mwisho wa reli, mbele hakuna stesheni. A na the ni Dar, safari inaanzia pale. Maoni yako, nzuri mbaya, yanapanda mapema huko Morogoro, halafu ukubwa, umri, rangi, kitu kimetoka wapi, na kimetengenezwa na nini ndo Uvinza, jirani kabisa na Kigoma. Na ukiangalia ina akili, mbao huwezi kuitenganisha na boti ila uzuri ni macho yako tu na upya wenyewe ni msimu mmoja. Angalia meli yetu ya ziwani, Liemba, ilijengwa Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapa hapa Kigoma, basi ni "a big old German steel ship". Kubwa, ya zamani, ya Kijerumani, ya chuma. Jaribu kuanza na steel uone ulimi unavyogoma.

Sasa kinachonikera mimi sio sifa, ni hizo a, an na the. CV ninazochapa hapa kila siku ni "I am hardworking person", a imemezwa. Au mtu anajua ni "a boat" basi anaandika "a old boat", hajui kwamba a haiangalii jina, inaangalia neno linaloifuata, tena linavyotamkwa sio linavyoandikwa. Ndo maana "an old boat", ndo maana "an hour" na h yote ile, halafu "a university" na u yake. Ukishazoea Dar ndo mwanzo unakutana na "such a big boat", treni imeanzia Morogoro, usiniulize. Na mto ni "the Malagarasi", meli ni "the Liemba", ziwa letu lote hili, Lake Tanganyika, halina hata the ya kusingiziwa. Hapo kariri tu ndugu yangu.

Basi nikamchapia "A BIG NEW WOODEN BOAT", herufi nyekundu. Dogo kaliangalia weee, kaniambia, "Braza hiyo a itoe, inakula nafasi, namba ya simu iwe kubwa."

Nikaitoa. Na kanipata, maana kwenye mabango hata Waingereza wenyewe huwa wanaitoa.