Udongo kwenye chakula cha kuku si kijazio

Mfugaji akiambiwa chakula cha kuku wake kina udongo, huona kapunjwa. Simlaumu. Kashauziwa pumba yenye mchanga na dagaa wenye changarawe, na leo anaambiwa udongo ni faida. Ila bentonaiti, aina ya udongo laini wa mfinyanzi, haiwekwi ili gunia liwe zito. Inawekwa kukamata sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka.

Tuanze na mahindi yenyewe. Yakinyeshewa kabla ya kukauka, nyumbani huchambuliwa: mazuri yanakwenda mashineni, na yale yaliyoota ukungu wa kijani yanawekwa pembeni, "haya ya kuku." Mwaka 2004 aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiumia zaidi. Mwaka 2016 ikaua 20 Dodoma na Manyara. Misiba ile ilitufundisha kuchagua tunachokula sisi, na kuku akaachiwa kile tulichokikataa. Mpasue aliyelishwa mahindi hayo wiki kadhaa utazame ini: limevimba, limepauka kuwa manjano, ukiligusa linamomonyoka. Kabla ya hapo mayai yalishapungua, chanjo ikashindwa kushika, na mwenye kuku akalaumu mbegu ya vifaranga. Hata aflatoksini yenyewe iligunduliwa kupitia ndege. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga kutoka Brazili.

Bentonaiti ina tabaka nyembamba zilizolaliana kama kurasa za daftari, na zikilowa tumboni zinaachana. Aflatoksini B1, ambayo umbo lake ni bapa, inajichomeka katikati na kunasa, kisha inatoka na kinyesi kabla ya kufika kwenye ini. Umoja wa Ulaya uliidhinisha kazi hiyo mwaka 2013, kiwango kisizidi kilo 20 kwa tani ya chakula, yaani kilo 1 kwa gunia la kilo 50. Kwa kawaida robo kilo kwa gunia hutosha.

Wanaoupinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Udongo huu hauishiki fumonisini, sumukuvu nyingine, ipasavyo, na mahindi yetu yanayo kwa wingi. Unaweza pia kunasa dawa: Ulaya inaonya usitumike pamoja na antibayotiki za kundi la makrolaidi, na dawa za kuhara damu nazo zina masharti yake. Wala kutoka ardhini hakuufanyi kuwa salama. Mwaka 1997 huko Marekani dioksini, kemikali yenye sumu, ilikutwa kwenye kuku na mayai, ikafuatiliwa hadi kwenye udongo wa Mississippi uliochanganywa na soya ili isigande. Kwa hiyo anayechimba kichuguu nyuma ya banda na kukiita bentonaiti anacheza na mifugo yake, na walaji pia. Mlonge, mwarobaini na kitunguu saumu navyo huitwa "vya asili," lakini hakuna kinachofanya kazi ya udongo huu.

Hoja inayonigusa ni ile ya kwamba udongo utahalalisha mahindi mabovu. Ingekuwa na nguvu kama mahindi hayo yangekuwa yanatupwa. Hayatupwi. Yanaliwa leo, bila kinga yoyote, kwenye mabanda ambayo mwenyewe hana kipimo cha sumukuvu wala hela ya kununua soya safi. Huyo ukimwambia tu "lisha mahindi mazuri" hujamsaidia. Yaliyooza kabisa ayachome. Yale ambayo hana uhakika nayo ndiyo yanayohitaji udongo, ulionunuliwa ukiwa umepimwa usalama wake, na uzito wake upimwe kwenye mizani ile ile ya premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini. Robo kilo hiyo ikoroge kwanza na ndoo moja ya paraza (mahindi yaliyovunjwavunjwa) mpaka rangi ilingane, ndipo umwage kwenye lundo kubwa la chakula na kupindua kwa koleo. Ukiitupia juu kwa kiganja, kuku mmoja atapata udongo na mwenzake atapata sumu.