Mwisho Ngapi?

Leo tena simu imelia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nikadhani ni msiba. "Boss, ile Subaru bado iko? Mwisho ngapi?" Salamu hakuna, jina hakuna. Namwambia bei si iko hapo chini ya picha, ananiambia hiyo ameiona, anataka ya mwisho. Mwisho wa nini na hatujaanza?

Sikizeni. Nauza Subaru Impreza WRX STI ya 2006, injini EJ207, lita mbili na turbo, gia sita, breki za Brembo zile za rangi ya dhahabu. Oili inamwagwa kila kilomita elfu tano, si "nikipata pesa". Mkanda wa taiming ulibadilishwa kabla ya laki moja na risiti iko kwa faili, mke wangu anasema cheti cha ndoa yetu hakijawahi kuwekwa vizuri hivyo. Nimeweka koilova, zile springi na shokabsoba za kushusha gari, na ekzosi ya inchi tatu. Na usidhani utaenda kuagiza nyingine kama hii Japani, ile sheria ya kukataza gari lililozidi miaka 8 ilishawafungia mlango pale Mombasa.

Sasa wanunuzi. Kuna vijana wa Section 58 hapa Nakuru wanakuja tu kuskia ikinguruma halafu wanaenda. Kuna mmoja anataka tubadilishane na ploti huko Bahati, haina title, ati "iko process". Sawa.

Lakini yule mzee wa Molo jameni. Amekuja Jumamosi na gamboti, na mpwa wake, na fundi wa kukagua aliyebeba spana moja peke yake. Akazunguka gari mara ngapi sijui, akasimama hapo kwa boneti.

"Kijana wangu, hapa palikatwa na nani?"

"Hapakukatwa mzee, ilitoka kiwanda hivyo, ni ya kuingiza hewa ipoze intakula, ile rejeta ya hewa ya turbo."

"Na mvua?"

"Mvua nayo huingia kidogo, haina neno."

Akamgeukia mpwa. "Umeskia? Inavuja."

Fundi akafungua boneti, akainama wee, akatafuta plagi juu ya injini kama watu wote, hakuna, zi huko mbavuni kwa sababu ni boxer, pistoni zake zimelala ubavu. Akainuka uso umebadilika. "Mzee, hii injini imelala."

"Imelala? Ni mgonjwa?"

Nikajaribu historia sasa. Nikamwambia mzee, hii ndiyo jamii ya gari yule dereva Colin McRae alishinda nayo Safari Rally 1997, kwa vumbi letu hili hili la Kenya. Akafikiria kidogo, akauliza huyo alikuwa amebeba nini. Kumbe muda huo wote alikuwa anapima kama ile bawa ya nyuma inaweza kushikilia gunia la viazi!

Tukaenda kuijaribu barabara ya Njoro. Nikakanyaga, turbo ikashika, mzee akaita Mungu wa Ibrahimu na wa Isaka, wa Yakobo hakumfikia kwa sababu nilikuwa nimefunga breki. Kurudi kimya. Kimya kabisa. Kushuka ndio anauliza, "Inakula?" Lita moja kilomita nane mzee, ukiwa mpole. "Probox ya shemeji yangu inaenda kumi na sita." Halafu akaniwekea ofa: laki sita na ng'ombe mmoja Friesian, ana mimba.

Laki sita! Hizo koilova tu ukiuliza bei utakaa chini! Mimi sijakataa kupunguza, mimi ni binadamu, karo inakuja na lita ya super mnaijua wenyewe, lakini mtu akilinda gari hivi, hata mtoto hapandi na viatu, halafu unaletewa hesabu za Probox... na kusema kweli hata yule ng'ombe nilimfikiria, shida ni nitamweka wapi, kwa ploti ya kukodi?

Na kama si matuta singeuza. Gari iko chini, kila tuta inakwaruza tumbo, na hapa kwetu mtu akijenga geti anajenga na tuta lake, halipakwi rangi, hakuna kibao, unalijua ukishaligonga. Lile la karibu na kanisa nani aliidhinisha? Nimeuliza chifu, ananiambia niulize kaunti, kaunti wananiambia niandike barua. Na jana jioni nimeona wameshusha kokoto, nikauliza ni za nini, wananiambia tuta la pili, la kupunguza watu wanaokimbia wakishapita la kwanza.