Sultana nayo itajwe

Asante mwandishi kwa makala ya meli zilizozama Marekani, ila umeiacha Sultana, meli ya mvuke, na hilo limeniuma. Usiku wa Aprili 27, 1865, boila zake zililipuka katika mto Mississippi, karibu na Memphis. Iliruhusiwa kubeba watu 376. Ikapakia zaidi ya 2,000, wengi wao askari wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, waliotoka kambi za mateka za Cahaba na Andersonville, wamekonda, vita vimeisha, wanarudi kwao! Kule Vicksburg, bandari walikopakiwa, boila iliyovuja ilitiwa kiraka tu ili meli isichelewe, kwa kuwa serikali ililipa kwa kila askari aliyebebwa. Walikufa zaidi ya 1,100. Magazeti yalijaa habari za kuuawa kwa Rais Lincoln, wao wakasahauliwa. Mto ulishahama; mabaki yanaaminika yamelala chini ya shamba la soya, Arkansas.