Nani Aamue: Wazomeaji wa Apollo au Majaji wa Mezani?

Ukumbi wa Apollo, ulioko Mtaa wa 125 huko Harlem, New York, una kiti kimoja tu cha jaji, nacho hukaliwa na watu wapatao 1,500 kwa pamoja. Jumatano usiku, msanii asiyejulikana hupanda jukwaani, hupapasa kipande cha kisiki kinachoitwa Mti wa Matumaini ili apate bahati, kisha huimba, hucheza au huchekesha. Wakimpenda, makofi. Wasipompenda, humzomea, king'ora hulia, na mtu aliyevaa vituko hutokea pembeni akamswaga hadi nyuma ya pazia. Haelezwi kosa lake, wala hakuna rufaa.

Kila mashindano ya vipaji ya televisheni yanapozua ugomvi kuhusu majaji, hakosekani anayesema waachiwe watazamaji waamue. Basi Apollo wameachiwa tangu 1934, kwa hiyo hoja hiyo ina pa kupimiwa.

Jengo lenyewe lilifunguliwa 1914 likiitwa kwa jina la waliokuwa wakiliendesha, Hurtig na Seamon, kwa maonyesho ya mchanganyiko: vichekesho, nyimbo, wasichana wacheza densi. Watu Weusi hawakuruhusiwa kuingia, ingawa Harlem ilikuwa inazidi kuwa mtaa wao. Ni 1934 ndipo likapewa jina la Apollo na kuwafungulia mlango, na mshereheshaji Ralph Cooper akaanzisha hapo Usiku wa Wasanii Chipukizi. Kumtimua msanii hakukuanzia kwao. Zamani kabla ya hapo, kumbi za vodevili za New York, yaani za maonyesho ya nyimbo, densi na vichekesho, zilikuwa na fimbo ndefu yenye ndoana ya kumvuta mtu kutoka jukwaani. Kilichobadilika Apollo ni nani anapiga kelele. Waliokaa juu kabisa kwenye viti vya bei ya chini, eneo lililobatizwa Kiota cha Tumbusi, miaka michache nyuma wasingepita mlangoni. Sasa neno lao ndilo la mwisho. Kwa hiyo anayeziita kelele zile utovu wa adabu tu, mimi simfuati.

Tuchukue usiku wa Novemba 21, 1934. Binti wa miaka 17, Ella Fitzgerald, ambaye baadaye angekuwa mwimbaji mashuhuri wa jazi, alikuja kucheza densi. Akawaona Edwards Sisters wakicheza, akajua hapo hana chake, na papo hapo akaamua kuimba. Nguo zilikuwa zimemchakaa, viatu vya kiume, maana siku zile hakuwa na makao ya kueleweka. Watu wakaanza kuguna kabla hata hajafungua mdomo. Alipoufungua, walewale wakataka arudie. Akaondoka na dola 25.

Lakini zawadi ilikuwa na sehemu ya pili: kutumbuiza ukumbini hapo wiki nzima. Hiyo hakupewa, na inaelezwa kuwa sababu ni namna alivyoonekana. Baada ya hapo Chick Webb, kiongozi wa bendi mwenye sikio la muziki kuliko wengi wa zama zake, naye alisita kumchukua kwa sababu hiyohiyo, hadi alipomjaribu kwenye dansi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Yaani umati uliomcheka ulibadili mawazo ndani ya wimbo mmoja. Wenye ofisi na ujuzi ndio waliobaki wakitazama viatu.

Mtetezi wa watazamaji angeweza kuishia hapo, na nakiri ni ushahidi mzito. Ila kuna upande wa pili.

Mwimbaji Luther Vandross alipanda jukwaa lilelile akiwa kijana na akashindwa zaidi ya mara moja. Mwimbaji Lauryn Hill, akiwa na miaka 13, alitokea kwenye kipindi cha televisheni kilichorekodiwa humo. Alisimama mbali na maiki, sauti haikufika, wakamzomea. Akaisogelea, akaendelea, akamaliza wakimpigia makofi. Mchekeshaji Dave Chappelle alizomewa hadi akashuka, na baadaye akasimulia kuwa tukio lile lilimwondolea woga, kwa kuwa alishaliona baya kuliko yote. Visa hivi hupendwa sana kama ushahidi kwamba kuzomewa hukomaza. Mimi sivipokei hivyo. Tunavijua kwa sababu wahusika walikuja kuwa mabingwa. Aliyezomewa akarudi nyumbani na asiimbe tena hakuandikiwa kitabu.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la mchanganyiko wenyewe. Usiku mmoja una mwimbaji, mcheza densi ya kugongesha viatu, mchekeshaji, labda na mtu wa mazingaombwe. Mwishoni wanaitwa mbele na wanapimwa kwa wingi wa makofi. Mwimbaji ana silaha ambayo wenzake hawana: akifika kilele cha wimbo akaivuta sauti juu na kuishikilia, ukumbi unalipuka hata kama alichoimba kabla ya hapo kilikuwa cha kawaida. Mchekeshaji yeye anajenga kisa taratibu, na kicheko chake kiko dakika ya tatu. Umati wenye king'ora haumsubiri. Hapo jaji wa mezani anashinda: anaweza kusema huyu kakosea ufunguo, yule ana pumzi, na kumpa kila mmoja kipimo cha fani yake. Shida yake ni kwamba ana ladha moja, na nyuma yake kuna mtayarishaji anayetaka kipindi kivutie watu.

Kinachousaidia umati wa Apollo usiwe katili kabisa ni yule mtimuaji. Norman Miller, fundi wa jukwaa aliyeitwa Porto Rico, alikuwa akitoka amevaa gauni na kufyatua bastola ya kuchezea. Baada yake, kwa miaka mingi, alikuwepo Howard "Sandman" Sims, naye mwenyewe mcheza densi hodari aliyewahi kushinda humohumo. Anayekufukuza ni mtu aliyesimama pale uliposimama, na anakufukuza kwa densi. Kicheko kinamhamia yeye, wewe unapata upenyo wa kutoka. (Kwenye taarabu yetu apendaye huinuka akatuza, asiyependa hukaa kitini. Ni ustaarabu, lakini msanii dhaifu anaweza kupita miaka mingi bila kuambiwa kitu.)

Ningepewa mimi kupanga kanuni, mshindi angeendelea kuchaguliwa na ukumbi. Ningewanyima jambo moja tu: king'ora kisiguswe dakika mbili za mwanzo, na kwa mchekeshaji ziwe tatu. Mabingwa wa kila fani wakae pembeni wakiwa na karatasi, si kwa ajili ya kutoa alama, bali kumweleza aliyetimuliwa, akishafika nyuma ya pazia, alikosea wapi. Na zawadi yote itolewe jukwaani, mbele ya waliomchagua mshindi, pamoja na mkataba wa ile wiki nzima, ukiwa tayari umetiwa saini.