Punda Mwenye Mafua

Karatasi 30 zilikuwa bado moto kutoka kwenye mashine ya fotokopi pale Langoni. Mzee mwenye mswada akavaa miwani, akasoma kipande cha kwanza: "Pnad..." Akanitazama. "Mwanangu, huyu punda ana mafua?"

Nilikuwa nimepiga chapa utenzi wa marehemu babake kwa khati za Kiarabu, beti 40, vipande 160, macho kwenye mswada wala si kwenye kioo. Vidole vyangu vimezoea kibodi ya Kifaransa, ambayo ^ hubonyezwa kabla ya e. Yunikodi, mfumo unaozipa herufi namba kwenye kompyuta, inataka kinyume chake: herufi kwanza, irabu baadaye, na irabu huikalia herufi iliyoitangulia. Mimi nikatanguliza irabu. Basi پُنْدَ (punda) ikahama yote nafasi moja: sukuni (alama ya kukosa irabu) ya nuni ikapanda juu ya pe, fataha (irabu a) ya dali ikarukia nuni, dali ikabaki uchi. Dhumma (irabu u) ya mwanzo wa mstari, kwa kukosa pa kukaa, ikapewa kiti cha kuazima: duara la vitone, ◌ُ. Mzee alidhani ni doa la chai.

Nikatumia tafuta-na-badilisha: alama yoyote kuanzia U+064B hadi U+0652 (namba za Yunikodi za irabu na alama hizo), moja au zaidi zilizofuatana, ipishane na herufi inayoifuata. Hilo "au zaidi" usiliache, maana shadda (alama ya kukaza herufi) haitembei peke yake. Kisha nikalisafisha faili lote kwa NFC, kanuni ya Yunikodi ya kuziweka alama katika mpangilio mmoja. Punda akapona.

Mzee akataka kujua neno شِدَّة, yaani shida, limetokea mara ngapi. Nikaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Sifuri! Na neno lenyewe lile pale, linatutazama. Kumbe NFC hupanga alama kwa namba za daraja: fataha ni 30, shadda 33, kwa hiyo fataha ndiyo hutangulia. Mimi kisandukuni nilianza na shadda, kama tulivyofunzwa chuoni. Kwenye kioo hutaona tofauti hata ya nukta, lakini programu yangu hulinganisha alama moja moja kwa mpangilio wake, na kwake hayo ni maneno mawili. Dawa ni kupitisha NFC pande zote mbili, kwenye faili na kwenye neno linalotafutwa. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilisoma tu kilichoandikwa:

"Babu, kompyuta inasema hakuna shida."

"Hakuna? Na hizi karatasi 30 nilizolipia?"