Madini joto kwenye chumvi: tubishanie kiasi

Wanaopinga kulazimishwa chumvi yenye madini joto, yaani iodini, wana hoja moja nzito ambayo watetezi wake huikwepa. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti waliripoti kutoka Zimbabwe na Kivu, nchini Kongo, kwamba baada ya chumvi hiyo kuenea, waliongezeka wagonjwa ambao homoni zao za thairoidi zimepita kiasi: moyo mbio, mikono kutetemeka, mwili kukonda na huku mtu anakula vizuri.

Sababu inaeleweka. Tezi hii ya shingoni hutengeneza T4 na T3, na tarakimu hizo ni idadi ya atomu za iodini zilizomo. Ikikosa iodini miaka mingi hutanuka ikawa rovu, na ndani ya rovu huota vinundu. Baadhi ya vinundu huacha kuitii TSH, homoni itokayo chini ya ubongo kuiamuru tezi. Iodini ikimiminika ghafla, vinundu hivyo huzalisha homoni bila kukoma. Wanaoumia zaidi ni watu wa makamo na wazee.

Hata hivyo, sikubali chumvi hii iwe ya hiari. Mimba changa hutegemea homoni ya mama, na upungufu mkubwa hudumaza ubongo wa mtoto kwa namna isiyorudishika. Moyo unaokwenda mbio unatibika ukigunduliwa mapema. Wala pwani hakuna kinga: chumvi ya bahari iliyoanikwa juani ina iodini kidogo mno, licha ya dhana iliyopo.

Kasoro ninayoiona iko kwenye vipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, 250 kwa mjamzito. Mzalishaji mdogo wa Lindi au Mtwara akinyunyizia chumvi dawa ya iodini kwa bomba la mkono, gunia moja hupata nyingi, jingine karibu hakuna. Na kile kimiminika cha kupimia chumvi sokoni hubadili rangi tu. Kiasi hakikisemi (maofisa hukipenda kwa sababu ni rahisi). Kumtoza faini mzalishaji huyo bila kumpa mtambo wa kuchanganyia, hata wa ushirika, ni uonevu. Na nyanda za juu, kama Mbeya na Njombe, mzee mwenye rovu anayelalamika moyo apimwe TSH kabla ya kuambiwa ni presha.