Asilimia 91 au 98: nani aketi kwenye bodi ya dawa za wasio na pesa?

Fexinidazole, dawa ya malale, ilizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika maabara za Hoechst, kampuni ya Ujerumani, miaka ya 1970. Ilipofika miaka ya 1980 ikafungiwa kabatini, na huko ikasahaulika. Mwaka 2005 watu wa DNDi, shirika la Geneva linalotengeneza dawa bila kutafuta faida, waliikuta wakipekua kemikali za zamani. Mwishoni mwa 2018 Wakala wa Dawa wa Ulaya ukaikubali, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaisajili. Wagonjwa wengi wa malale wakapata, kwa mara ya kwanza, tiba ya vidonge pekee, bila sindano wala dripu.

Kemikali ni ileile. Anayeulizwa "tuendelee au tuache?" ndiye aliyebadilika. Kampuni ya biashara ina wanahisa. Ikikosea, bei ya hisa inaporomoka na mkurugenzi anafungasha virago. DNDi haina hisa, haina gawio, na wateja wake hawana pesa. Mtu pekee anayeweza kumwambia mtendaji mkuu "hapana" ni bodi. Kwa hiyo ubishi kuhusu nani akae kwenye viti vile si suala la heshima na itifaki, ingawa mara nyingi unaendeshwa hivyo.

Shirika lilipoanzishwa mwaka 2003, waasisi walijipangia viti. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walikuwamo, na wazo lenyewe lilitoka kwao baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1999. Wengine ni Baraza la Utafiti wa Tiba la India, Taasisi ya Oswaldo Cruz ya Brazil, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, Wizara ya Afya ya Malaysia, na Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa. Programu ya utafiti wa magonjwa ya tropiki iliyo chini ya WHO ilipewa nafasi ya mtazamaji. Halafu kuna kiti cha mwakilishi wa wagonjwa. Jumla yake ni kama dazani moja ya watu.

Wanaoutetea mpangilio huu wana hoja nzito. Kati ya dawa mpya 1,393 zilizoingia sokoni duniani kati ya 1975 na 1999, ni 16 tu zilizohusu magonjwa ya tropiki na kifua kikuu. Walioamua hivyo walikuwa wataalamu, wenye shahada zote unazozitaka, ila walikaa mbali na mbung'o. Ukiiweka KEMRI mezani, unaweka mtu ambaye kalaazar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu, kwake iko Baringo na Pokot Magharibi, mahali anapoweza kufika kwa gari. Isitoshe, taasisi ya serikali inafungua milango: vibali vya majaribio, maabara, wauguzi, na baadaye usajili wa dawa yenyewe. Bila hayo, dawa inabaki makala ya jarida.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Taasisi inayoteua mjumbe wa bodi ndiyo hiyohiyo inayoweza kupewa kazi ya majaribio, pamoja na fedha zake. KEMRI imeshiriki utafiti wa kalaazar na DNDi kwa miaka mingi, na kazi imeonekana: tangu 2010 matibabu ya sindano Afrika Mashariki yalipunguzwa kutoka siku 30 hadi 17. Lakini mjumbe anapopiga kura juu ya mradi ambao nyumbani kwake una wafanyakazi wanaosubiri mishahara, amevaa kofia mbili, na hakuna anayejua ile ya chini ina rangi gani. Kujaza fomu ya mgongano wa maslahi kila mwaka hakutoshi. Atoke chumbani.

Kuna jambo jingine ambalo mimi linaniuma zaidi. Kongo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa malale, na ndiko sehemu kubwa ya majaribio ya fexinidazole ilikofanyika. Haimo katika orodha ya waasisi. Sudan na Ethiopia, zilizoelemewa na kalaazar kuliko Kenya, hazimo pia. Viti vya waasisi viligawiwa kwa taasisi zilizokuwa na nguvu mwaka 2003, na nguvu ya taasisi na wingi wa wagonjwa ni vitu viwili tofauti. Kumchagua Mkongo mmoja kwa sifa zake binafsi ni jema, ila kiti chake huondoka naye muhula ukiisha.

Sasa tushuke kwenye namba, maana hapo ndipo maneno kama "uwakilishi" yanapopimwa. Jaribio kubwa la fexinidazole lilihusisha wagonjwa 394 wa hatua ya mwisho ya malale, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Vidonge vilifanikiwa kwa asilimia 91. Tiba iliyokuwapo, ya vidonge vya nifurtimox pamoja na dripu 14 za eflornithine kwa siku saba, ilifanikiwa kwa asilimia 98. Dawa mpya ilikuwa nyuma ya ile ya zamani, na bado ikahesabika kuwa ushindi, kwa sababu watafiti walikuwa wamekubaliana mapema kwamba pengo lisilozidi pointi 13 linavumilika.

Linavumilika na nani? Mtaalamu wa takwimu ana jibu lake, na si jibu baya: dripu 14 zinahitaji hospitali, muuguzi usiku na mchana, maji safi, na ndugu wa kumlinda mgonjwa; anayeishi siku mbili za mtumbwi kutoka hapo haipati hiyo asilimia 98, anapata sifuri. Nakubaliana naye. Kabla ya hapo watu walichomwa melarsoprol, dawa yenye arseniki iliyoua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20. Ila biashara hiyo ya kutoa pointi saba kununua unafuu, ningependa ijadiliwe na mtu aliyewahi kulala kwenye kitanda kile. Na humo ndani mwakilishi wa wagonjwa ni mmoja, anayebeba malale, kalaazar, Chagas, homa ya ini C na watoto wenye VVU kwa mpigo.

Wapo wanaosema huruma haisomi faili la vipimo vya sumu ya dawa la kurasa 300, na kwamba bodi inahitaji watu waliowahi kufanya kazi viwandani. Ni kweli. DNDi haina kiwanda. Fexinidazole inatengenezwa na Sanofi, na mkataba wa namna hiyo ukiandikwa vibaya unaweza kuwafunga watu miaka 20.

Mashirika mengine yamekwepa mtego huu wa nani aketi mezani kwa njia rahisi zaidi. Civica Rx ya Marekani iliundwa mwaka 2018 na hospitali zilizochoshwa na uhaba wa dawa za kawaida, na viongozi wa hospitali ndio waliokaa mezani. MEDS ya Nairobi, msambazaji wa dawa wa mwaka 1986, ni mali ya maaskofu Wakatoliki na chama cha afya cha makanisa ya Kiprotestanti. Kote huko, anayesimamia yuko upande wa mnunuzi: dawa isipofika rafuni, simu inalia kwake.

Ningekuwa na kura, ningebakisha viti vya waasisi, ningewatoa nje kila mradi wao unapojadiliwa, na ningeongeza viti viwili vya wagonjwa, kimoja kikiwa cha Kongo mpaka malale iishe.

Hata hivyo sijidanganyi kuhusu kiti peke yake. Niliwahi kukaa kwenye bodi ndogo ya duka la dawa la hospitali moja ya misheni. Mwakilishi wa wagonjwa alikuwa mama muuza samaki wakavu, aliyekuwa akija na daftari la shule la mraba. Siku moja, baada ya saa tatu za bajeti na posho (posho haikosi dakika zake arobaini), aliinua mkono akauliza: dawa mnazoandika zinywewe baada ya chakula, hicho chakula mmekiweka kwenye bajeti ipi?

Kila nikisoma kwamba fexinidazole lazima imezwe na mlo, siku 10 mfululizo, na kwamba isipokuwa hivyo haifyonzwi vizuri mwilini, namkumbuka mama yule. Kumbukumbu za kikao zilipotoka, nilitafuta swali lake. Lilikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya Mengineyo: "Mjumbe mmoja alichangia kuhusu lishe."